Fundi Barafu na Kitufe cha Kubali

Kila asubuhi fundi alitoka nyumbani na mfuko wa bisibisi begani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Watu walimwita Barafu, naye aliitika. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka, akayapiga pasi, akayakunja na kuyapanga kwenye rafu ndefu. Jioni alirudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kama nukta. Basi jina likamganda: Nukta. Alikua, akasoma, akaingia chuo cha ualimu. Alijua kuchora kuliko wenzake wote. Mwaka wa mwisho figo zilimsumbua, akalazwa, akafariki. Ilikuwa imepita miaka minane.

Tangu siku ile nyumba ilipoa. Mezani kulikuwa na sahani mbili na vikombe viwili.

"Umekula?"

"Nimekula."

Maneno yaliishia hapo.

Jambo moja tu lilimchangamsha mama. Kila Jumapili mchana alijifuta mikono vizuri, akaketi mbele ya laptopu, akafungua barua pepe. Laptopu ile fundi alipewa na mteja aliyehama. Ndani ya barua pepe mlikuwa na barua za Nukta, arobaini na kitu.

Mama hakusoma shule. Nukta ndiye aliyemfundisha kusoma, likizo moja, hapo hapo mezani. Alimfungulia barua pepe, akamchagulia neno la siri, akamwekea kila kitu, hata anwani za ndugu. Aliporudi chuoni alimwandikia barua fupi fupi ili azoee. Moja ilisema hivi:

"Mama. Leo mvua. Viatu vimelowa. Nimekula, nimeshiba. Soma pole pole. Usimwite baba akusaidie."

Mama aliifikia barua hiyo kila Jumapili, na kila Jumapili alicheka peke yake.

Siku moja simu ya fundi ililia. Alikuwa mwalimu mmoja wa kile chuo.

"Fundi, kazi ya binti yako bado iko kwenye tovuti yetu ya zamani," alisema mwalimu. "Ni katuni ya kufundisha watu wazima kusoma. Picha zinatembea, na sauti inasoma silabi. Sasa mwisho wa mwezi tovuti hiyo inafungwa. Nimeona niwaambie mapema."

"Umesema ina sauti?" fundi aliuliza.

"Ina sauti."

Fundi alikaa chini pale pale, juu ya friji iliyolazwa. Hawakuwa na sauti ya Nukta hata kidogo. Simu yake ilipotea hospitalini. Picha walikuwa nazo tatu. Sauti hawakuwa nayo.

Hakumwambia mkewe. Alitaka kumshtukiza kwa furaha. Tangu lini yeye amemletea furaha mke wake? Hakukumbuka.

Kesho yake mama alipokwenda kazini, fundi alifungua laptopu. Aliingia kwenye kivinjari, ile programu tunayotumia kutembelea tovuti. Akaandika anwani aliyopewa. Ukurasa ukafunguka. Juu lilikuwepo jina la katuni: *Mama Anasoma*. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha kijivu, kitupu. Ndani yake maneno machache: "Ukurasa huu unahitaji programu-jalizi."

Fundi hakujua programu-jalizi ni nini. Lakini alikuwa fundi. Kitu kikikosa kipuri, hutafutiwa kipuri. Akaandika swali lake, akatafuta, akakuta tovuti moja yenye kitufe kikubwa cha kijani: "Pata programu-jalizi hapa. Bure. Haraka."

Akabonyeza.

Kikatokea kidirisha kidogo chenye maandishi. Kilisema kwamba kitu hicho kitaweza kusoma na kubadilisha taarifa zake zote kwenye tovuti zote anazotembelea. Chini kulikuwa na vitufe viwili: Kataa, na Kubali.

Fundi hakusoma yote. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kile kisanduku cha kijivu. Akabonyeza Kubali.

Kisanduku kikabaki kijivu.

Akajaribu tena. Akazima mashine, akaiwasha. Wapi! Akaifunika laptopu kwa kitambaa chake, akaenda kazini amenuna.

Jumapili mama aliketi kama kawaida. Kurasa za matangazo zilijifungua zenyewe, moja baada ya nyingine, naye akazifunga moja moja kama mtu anayefukuza nzi. Kisha barua pepe ikamtaka aandike upya neno la siri. Akaliandika, herufi kwa herufi. Akasoma barua zake. Akaifunga mashine.

Jumanne mdogo wake mama alipiga simu.

"Dada, mbona umeniandikia mambo ya ajabu? Eti nibonyeze mahali nione picha za familia. Nimebonyeza, na sasa simu yangu haieleweki. Na mama mkwe wako naye amepata barua hiyo hiyo. Kulikoni?"

"Mimi?" mama alishangaa. "Mimi simwandikii mtu. Mimi nasoma tu."

Alifungua laptopu akiwa bado na mtandio kichwani. Akaandika neno la siri. Mashine ikajibu: si sahihi. Akaandika tena, pole pole. Si sahihi. Akamwita mumewe.

"Baba Nukta, njoo. Inanikataa."

Fundi alijaribu. Ikamkataa pia. Mwishoni ikatoa njia moja: itume namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa. Ikaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu hiyo, nne na saba.

Waliitazama ile nne na saba. Wote wawili waliijua. Ilikuwa simu ya Nukta.

"Piga," mama alisema.

"Mke wangu, laini ile ilishafungwa zamani."

"Nimesema piga!"

Fundi akapiga. Sauti ya mashine ikasema namba hiyo haipo. Akapiga tena kwa sababu mkewe alikuwa bado anamwangalia. Haipo.

"Kwa hiyo barua?" mama aliuliza. "Zote?"

Fundi aliiweka simu mezani.

"Baba Nukta. Zote?"

Hapo ndipo alipomweleza. Alimweleza habari ya mwalimu, ya katuni, ya sauti, ya kitufe cha kijani. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Mara ya kwanza alichukuliwa na ugonjwa," alisema bila kugeuka. "Mara ya pili umempeleka wewe."

Fundi alisimama mlangoni.

Siku ya tatu aliifunga laptopu ndani ya foronya, akaenda nayo maktaba. Mkutubi pale alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kwa kamba kifuani. Kila Alhamisi aliwafundisha watu wazima kusoma na kutumia kompyuta. Aliwahi kumwita fundi kutengeneza friji ya ofisi, kwa hiyo walijuana.

"Karibu, Barafu. Leo umeniletea mgonjwa wewe?"

"Nimeleta maiti, mama," fundi alisema. Mkutubi akaacha kutabasamu. Akamvutia kiti.

Fundi alieleza yote. Mkutubi aliwasha mashine, lakini kwanza aliikata kwenye mtandao. Akafungua orodha ndani ya kivinjari.

"Tazama hapa," alisema. "Hii ni orodha ya viendelezi. Kivinjari ni kama chumba. Kiendelezi ni kifaa unachokiongeza ili chumba kifanye kazi ambayo hakikuwa nayo. Kipo cha kukuza herufi. Kipo cha kusoma maandishi kwa sauti. Ni vitu vizuri, vikitoka kwa watu wazuri. Sasa hiki chako kimejiandika jina zuri, lakini ni mwizi."

"Lakini ukurasa wenyewe ulisema unahitaji programu-jalizi!"

"Ulisema kweli, ila ulisema habari za zamani. Zamani vivinjari havikuweza kuonyesha picha zinazotembea. Vilihitaji msaidizi kutoka nje, ndiyo hiyo programu-jalizi. Wasaidizi wale walikuwa na matundu mengi, wezi wakapita humo humo. Basi waliowatengeneza wakaacha. Vivinjari navyo vikafunga mlango. Kwa hiyo, fundi, leo hii ukiona tovuti usiyoijua inakuambia ina ile programu-jalizi ya zamani, bonyeza hapa, jua hapo unadanganywa. Kipuri hicho hakiuzwi tena."

"Sasa huyu mwizi aliingiaje kwenye barua za mke wangu?"

Mkutubi alivaa miwani.

"Nikuulize. Mteja akikuita utengeneze friji, anakupa funguo za nyumba nzima?"

"La! Ananionyesha jikoni."

"Ukimwomba funguo za chumbani?"

"Atanifukuza. Na ana haki."

"Kiendelezi chako kiliomba funguo za nyumba nzima. Kilikwambia kabisa: nitasoma kila ukurasa, nitabadilisha nitakacho. Ukabonyeza Kubali. Mke wako alipoandika neno lake la siri, kilikuwa kimekaa pale pale kinasoma."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikumbuka mkewe akiandika herufi kwa herufi.

"Kilimtaka aliandike upya," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa hajawahi kutakiwa hivyo."

"Basi ndicho chenyewe. Nacho kilikuwa kinamngoja. Kisha mwenye nacho akaingia kwenye barua, akabadilisha neno la siri."

Mkutubi alikiondoa kile kiendelezi. Akakagua mashine nzima kwa programu ya kutafuta virusi. Kisha akatumia kompyuta ya maktaba, si ile ya fundi, kuwaandikia wenye huduma ya barua pepe. Aliandika siku hiyo, akaandika wiki iliyofuata. Jibu lilikuwa lile lile: bila ile simu, hawana hakika mwenye barua ni nani. Hawawezi kufungua.

"Namba ya simu ndiyo dhamana," mkutubi alimwambia. "Mtu akibadili simu, au akifariki, namba iondolewe siku hiyo hiyo na iwekwe nyingine. Wengi hatukumbuki."

"Tulikuwa kwenye mazishi," fundi alisema. "Nani angekumbuka?"

Mkutubi alivua miwani. Akamsogezea kikombe cha maji.

"Barua sina uwezo nazo," alisema baadaye. "Lakini katuni bado ipo, na mwezi haujaisha. Njoo na mama Nukta kesho mchana."

Mama hakutaka kwenda. Mwishowe alikwenda, lakini alitembea hatua tano mbele ya mumewe njia nzima.

Walikaa watatu mbele ya kompyuta ya maktaba. Mkutubi aliwaonyesha kila hatua.

"Kipo kiendelezi kinachoweza kucheza katuni za zamani," alisema. "Si ile programu-jalizi yenyewe. Ni kitu kipya kinachoielewa lugha yake. Sikukitafuta ovyo ovyo. Nimeingia kwenye duka la kivinjari chenyewe, hapa. Nimeangalia nani amekitengeneza. Nimeangalia watu wangapi wanakitumia na wanasema nini. Jana nilimuuliza pia mtaalamu anayetutunzia mashine."

Akabonyeza. Kikatokea kidirisha kama kile kile. Fundi akarudi nyuma kwenye kiti kama aliyeguswa na umeme.

"Nacho kinaomba kusoma kurasa zote!" alisema.

"Vizuri, sasa unasoma," mkutubi alisema. "Ndiyo, kinaomba. Kazi yake ni kutafuta katuni ndani ya ukurasa, kwa hiyo lazima kiuone ukurasa. Ombi linalingana na kazi. Kingekuwa cha kubadilisha rangi ya saa, ningekikataa. Hata hivyo, kwenye kivinjari hiki sijaingia barua pepe wala kitu chochote cha siri. Na tukimaliza nitakiondoa. Mgeni akimaliza shughuli yake, asindikizwe."

Akabonyeza Kubali. Akafungua ukurasa wa chuo.

Kisanduku cha kijivu kikawa cheupe. Mstari mweusi ukajichora wenyewe, ukawa uso, ukawa kitambaa, ukawa mwanamke aliyeketi mezani. Alikuwa na vidole vilivyokunjamana. Mama alitazama vidole vyake mwenyewe, akavificha chini ya meza.

Kisha sauti ikatoka. Sauti ya msichana, laini, inayosoma taratibu.

"Sa, se, si, so, su. Sasa soma nami. Sa-ba-bu. Si-si-mi-zi."

Fundi alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka wazi wazi.

"Ni yeye," alisema. "Mama Nukta, ni yeye! Msikie. Ni yeye."

Mama alisikiliza. Sauti ikaendelea na *sufuria*, ikaendelea na *sikio*. Uso wake haukubadilika.

"Siye," alisema.

"Wewe! Utamsahau mwanao?"

"Siye, baba Nukta. Nukta alikuwa na kithembe. Neno *sisimizi* hakuweza kulisema hata siku moja. Alisema *thithimithi*." Akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwiga mbele ya wageni. Wageni wanacheka, na yeye anacheka, halafu anaingia chumbani. Umesahau?"

Katuni ilifika mwisho. Mistari miwili ikatokea. Mama alisogea karibu na kioo, akasoma mwenyewe, silabi kwa silabi, bila kumwomba mtu msaada.

"Sa-u-ti." Lilifuata jina la msichana wasiyemjua. "Mi-cho-ro." Hapo lilikuwa jina la shuleni la mtoto wao.

Msomaji mmoja alifunua ukurasa wa gazeti, wakasikia.

"Nilikuwa namtania tu," fundi alisema. "Nilikuwa baba anayetania mwanawe."

"Najua," mama alisema.

Mkutubi aliigeuza katuni kuwa video ya kawaida, akaihifadhi kwenye flashi mbili. Moja aliwapa, moja akabaki nayo. Kisha akakiondoa kile kiendelezi mbele yao. Akamfungulia mama barua pepe mpya, akaisajili kwa namba ya simu ya mama mwenyewe. Neno la siri mama alilichagua peke yake, wote wakiwa wamegeuka. Jioni ile alimpigia mdogo wake, akamweleza jinsi ya kukitafuta na kukiondoa kile alichokiingiza kwenye simu. Alieleza vizuri, bila kukosea hatua.

Mwisho wa mwezi tovuti ya chuo ilifungwa. Aliyejaribu kuifungua alikuta ukurasa mtupu.

Alhamisi iliyofuata mkutubi aliwaonyesha *Mama Anasoma* watu wazima wanaojifunza kusoma. Wanne walikuwa madobi wa hospitali, wenzake mama. Mwezi wa pili wa masomo mmoja wao aliweza kusoma karatasi ya dawa ya mjukuu wake. Alikuja kumwambia mama huku akiipunga ile karatasi. Mama alimpongeza, akampa mkono, kisha akarudi kwenye mashuka.

Fundi naye sasa hufika maktaba kila Alhamisi. Huketi nyuma. Mashine ikimwonyesha kidirisha, huondoa mkono kwenye kipanya, akasoma kila neno, hata kama watu wanasubiri zamu. Mara nyingi hubonyeza Kataa. Katuni ikianza huitazama mpaka mwisho, ingawa sauti si ya mtu anayemjua.

Barua arobaini na kitu hazikurudi. Jumapili mchana mama bado hujifuta mikono na kuketi mbele ya laptopu. Hufungua barua pepe mpya. Kwa wiki nyingi haikuwa na kitu ndani. Halafu Jumapili moja alikuta barua. Ilitoka kwa fundi, aliyekuwa ameketi chumba cha pili, mlango wazi, anajifanya anafuta bisibisi.

"Mama Nukta," ilisema. "Leo mvua. Nimekula. Nisamehe."

Mama aliisoma pole pole mpaka mwisho. Hakujibu siku hiyo. Hata hivyo, hakuifuta.